Mbao ya Kuri Iliyoshika Sumaku

Tetemeko la Februari halikuvunja hata kikombe nyumbani kwa Kikue, ila liliangusha kibao cha jina la marehemu mumewe kutoka madhabahuni. Pembe moja ikameguka. Huko Iwate, Japani, ardhi hutetemeka kama mwenye homa, na Kikue alijua kuwa kibao hicho, makao ya roho ya Shozaburo, hakingestahimili anguko la pili.

"Tukipige msumari," alisema Sayo, mke wa mwanawe.

"Umpige baba mkweo msumari?"

"Basi gundi, mama."

"Gundi! Tuje kumbandua kama stempu?"

Tokuji seremala, rafiki wa marehemu, alikuwa pale anakunywa chai. "Shemeji, tumvike kiatu cha mbao chenye sumaku ndani. Chini tutandike bati."

"Bati! Mtu aliyechana mbao maisha yake yote, umsimamishe juu ya bati? Fanya mbao yenyewe ishike sumaku!"

Alisema kwa hasira tu. Lakini Tokuji aliweka kikombe chini taratibu, macho yakimng'aa, akatoka bila kuaga.

Alichagua ubao wa kuri, mti ambao Shozaburo aliukata kwa mkono wake. Akaomba unga wa chuma kwa mafundi wanaosubu mabirika, akauloweka kwenye siki, akauzamisha ubao humo. Kesho yake alirudi amenuna. Ubao ulikuwa mweusi tii, na sumaku iliteleza juu yake ikaanguka.

Kikue alinusa, akacheka hata akashika mbavu. "Shemeji, umepika rangi ya meno ya bibi yangu! Chuma, siki, na uchungu wa mti. Bibi zetu walijipaka meno yawe meusi wakiolewa. Chuma chako kimeyeyuka, kimebaki wino."

"Angalau ubao umepata mume," Tokuji alinung'unika.

"Tafuta chuma kisichoyeyuka, bwana!"

Tokuji akajipiga paji la uso. Mchanga mweusi wa ufukweni! Sumaku huuvuta, na mvua ya miaka yote haijaumaliza. Akausaga, akauchanganya na vumbi la mbao na gundi, akaubana kwa jeki katikati ya mbao mbili nyembamba za kuri. Ulipokauka, ungeapa ni ubao mtupu.

Akaleta sumaku karibu. Ta! Ikajibandika.

"Mama! Mama, njoo!" Sayo alipiga kelele hadi jirani akachungulia.

Wakavika kiatu kigogo chenye uzito wa kibao, wakakisimamisha juu ya ubao, wakautikisa, wakauinamisha. Kigogo hakikubanduka.

Kikue akawasha ubani, akainama, akaomba kimya. Kisha akakivika kibao kiatu na kukisimamisha juu ya ubao.

"Shika upande huo, shemeji."

"Tumeshajaribu na kigogo, yatosha!"

"Kigogo si mume wangu. Nikiuamini ubao huu, niuamini nikiwa nimeushika."

Sayo akafunika uso. Ubao ukainama, ukainama zaidi, hata ukasimama kama ukuta. Kibao kikabaki kimechomoza hewani, maandishi ya dhahabu yakitazama dari. Kikue akautikisa kwa mikono miwili kama anayepepeta mchele.

"Fumbua macho, mwanangu! Baba mkweo kakataa kuanguka!"

"Mama, inatosha sasa!"

"Ngoja kwanza," alisema Kikue, machozi na kicheko vikigombea uso wake, akautikisa tena.