Kofia Iliyokatazwa Kubisha Hodi

Usiku wa jana, hata mto haujapata joto, niliota nimekwenda chuo kikuu na kanga mbili, moja ya kujifunga na moja ya kugombea.

Sababu ya kugomba ninayo. Mjukuu wangu Namsifu ana kifafa. Dawa anameza, haruki hata siku moja, na bado anaanguka. Jumapili aliangukia kwenye sherehe ya kipaimara kwa jirani. Wageni wakakimbia wote wakisema povu lake linaambukiza. Walikimbia na sahani zao, wala hakuna aliyesahau nyama. Nilibaki mimi peke yangu chini pale, nimemlaza ubavu, kitenge changu chini ya kichwa chake.

Sasa kuna kijana anaitwa Heriel, anafanya utafiti wa kofia ya umeme mdogo, ya kutuliza ubongo bila kupasua kichwa. Namsifu amekubaliwa humo. Lakini nusu ya wagonjwa wanavishwa kofia isiyofanya kitu, na haambiwi mtu amepata ipi. Hilo ndilo lililonipandisha ngazi za chuo kwenye ndoto.

Ngazi zenyewe zinashuka. Nazipanda hivyo hivyo.

Juu namkuta Heriel amelowa chapachapa, maji yanamtoka masikioni.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mvua imenyesha wapi?"

"Si mvua, Bibi. Nasomea shahada ya uzamivu. Leo nilifika chini kabisa."

"Umeokota nini huko?"

"Matope. Lakini mazuri."

Nyuma yake inatembea saa ya ukutani yenye miguu ya kuku. Ndiyo ufadhili wake. Kila akitaka kukaa, inamgusa bega. "Heriel, nakwisha."

Tukaingia ndani. Kila mtu kafungwa kitambaa machoni: manesi, wagonjwa, na mlango pia. Heriel akajifunga chake. Cha kwangu kilipoletwa, kikanitazama usoni, kikaomba radhi, kikarudi kabatini.

"Ndiyo sheria," Heriel akasema. "Mgonjwa asijue, na mimi nisijue. Tukijua, matumaini yataingia kwenye majibu."

"Yakiingia yatamng'ata nani?"

"Bibi, bila kofia ya uongo hatutajua kama ile ya kweli inasaidia."

"Basi ya uongo mvalishe mwenyekiti wetu wa kijiji. Yeye ameizoea."

Saa ikacheka, halafu ikakumbuka kazi yake. "Nakwisha."

Namsifu amekaa kwenye kiti, macho yamefungwa, nyaya zinamning'inia kama nywele zilizofumuliwa nusu. Nikaiinamia ile kofia.

"Wewe ya kweli au ya uongo?"

"Ya uongo," ikasema, bila hata kukohoa. "Kazi yangu kukaa hapa na kunyamaza."

"Na ya kweli inafanya nini?"

"Inabisha hodi kwenye ubongo. Inabisha kwa nje, kwa adabu. Hairuhusiwi kuvunja mlango. Mimi siruhusiwi hata kubisha."

Damu ikanichemka. Yaani ugonjwa uliingia bila hodi, halafu msaada ndio unafundishwa adabu? Nikavua ndala zangu, nikaingia kichwani kwa Namsifu kwa mlango wa uani. Sikubisha. Mimi si mashine, mimi ni bibi yake.

Ndani ni sebule. Imefagiliwa vizuri, maana mtoto huyu ni msafi. Kwenye kochi amekaa bwana mmoja mnene, viatu vyake vya matope juu ya kochi hilo hilo, anakula wali wa Namsifu kwa mkono wa kushoto.

"Wewe nani?"

"Kifafa."

"Nani alikukaribisha?"

"Hakuna. Ila hakuna pia aliyeniambia nitoke. Kila nikitokea watu wanakimbia. Nikajua wananiachia nyumba."

Nilitaka kumchapa ndala, nikakumbuka nimeziacha nje. Na hasira niliyokuwa nayo haikuwa yake yote. Nusu nzima ilikuwa ya wale wenye sahani, na wao hawakuwemo humo niwagawie.

"Leo nimekuja. Nyanyuka."

"Siwezi kuacha kochi tupu," akasema, akitafuna mfupa. "Aje mgeni mwingine kwanza."

Nikafungua dirisha. Dirisha lilikuwa sikio la Namsifu. Nikatoa kichwa nje.

"We kofia. Bisha."

"Nimekatazwa."

"Nani atakuona? Wote si mmewafunga macho?"

Kofia ikafikiri. Kisha nikaisikia, polepole, kama kidole juu ya bati.

"Hodi."

"Bibi, unaharibu utafiti," Heriel akasema huko nje, anapapasa ukuta.

"Wewe tafiti tu, baba. Andika kwamba humu ndani kuna mtu anakula."

"Hodi."

Nageuka, namwona Namsifu mwenyewe amesimama nyuma ya pazia la sebule yake, kama mtoto anayefichwa wageni wakija. Anausikia mlango. Hajui kama anaruhusiwa kuitika. Ni nani aliyewahi kumbishia hodi?

Mgeni hubisha mara tatu, asipoitikiwa anakwenda zake. Namshika mkono.

"Itika, mke mwenzangu. Ni kwako."

Kifafa ameacha kutafuna, anamtazama.

"Hodi," kofia inasema, mara ya mwisho.

Tukaitika wote wawili, mimi kwa sauti ya kufukuzia nyani shambani. "Karibu. Karibu ndani."

Kifafa akaweka sahani sakafuni, akafuta mkono kwenye pazia, akatoka. Hakuaga. Nikamfuata hadi mlangoni nikimtukana kwa Kipare, na hapo ndipo nilipoamka.

Koo limekauka, sauti sina. Namsifu, ambaye tunalala chumba kimoja, alikuwa ameshaamka. Amekaa wima kitandani, kichwa hakitikisi, kama mtu aliyejitwisha ndoo iliyojaa pomoni. Sikuwa nimemwambia neno.

"Bibi," akaninong'oneza, "yule tuliyemkaribisha bado amesimama. Nimwambie akae wapi, na lile kochi lina matope?"