Swali la Mgeni wa Ijumbi

...shamba la mtu mweusi, anasema Nuriat, mkalimani wa mgeni, kutoka Bukoba mjini, huyu mgeni anatoka Marekani, anatafuta mashamba madogo ya watu weusi anunue kahawa kwao moja kwa moja, nami nusura nicheke, hapa Ijumbi la mweupe liko wapi, hata mgeni mwenyewe mweusi, ana paji la uso kama la shangazi Ephrasia, labda kwao ardhi ina rangi, sijui, naendelea kumenya ndizi, na Nuriat anarudia, "Mama, anauliza kama shamba hili ni lako, anataka mwenyewe aseme"... lako, swali gani hilo mbele ya shemeji, Kyaruzi huyo amesimama kando ya kahawa niliyoanika, kibanja, shamba hili la migomba na kahawa, ni cha ukoo, nani asiyejua, mume wangu Clavery amelala pale nyuma ya migomba, na baba yake, na babu yake, mimi nilikuja kuolewa tu, nikazaa wasichana watupu, nikisema ndiyo ukoo utakaa kikao, nitarudi kwetu Kibeta na Jovita na mdogo wake na masufuria, nikisema hapana mgeni ataingia garini, na kahawa ataiuza Kyaruzi kwa jina lake kama msimu uliopita, lakini nyasi za kutandaza shambani nani anazibeba, mibuni ile ya bondeni nani aliipanda, nilikuwa na mimba ya Jovita, Clavery akasema unawapandia wenye shamba, alitania, au hakutania, sikumuuliza, na sasa nitamuuliza nani... "Mama, anasubiri"... najua anasubiri, utomvu umeninata vidoleni, kisu kinateleza, ila huyu Kyaruzi mbona kimya, mtu anayenijibia hata padri akiniuliza nimeamkaje, juzi mwenye fuso aliuliza mkungu bei gani, nikafungua mdomo, yeye akawahi, "Huyu ni mke wetu, ongea na mimi," sasa leo limeulizwa jambo jepesi kabisa, si angesema tu kwamba si langu, neno moja, mgeni aende, lakini ananitazama mdomo kama anayengoja hukumu... kwa hiyo hata yeye hajui, miaka yote hii nilidhani jibu analo, kumbe alikuwa anaomba nisiulizwe... "Mama," anasema Nuriat taratibu, "shamba ni la nani?" na mimi bado namenya, Kyaruzi bado ananitazama mdomo, na sioni haraka yoyote ya kumwondolea hofu.