Joho la Hakimu

Mtunza farasi alikuwa amesimama uani na futi ya fundi cherehani, akimpima Hakimu upya. Alianzia katikati ya kifua, akaipitisha futi ubavuni bila kuivuta, akaishia pale mkia unapoota. Hakimu alitulia, akimtazama kwa jicho lile lile lililompa jina, jicho la mtu aliyekwisha kuandika hukumu na sasa anasubiri ukae chini. Nzi walikuwa wamemjaa tumboni na pembeni mwa macho. Hili lingekuwa joho lake la tatu la kuzuia nzi.

La kwanza lilikuwa jeusi na la kubana. Tajiri, yaani mwenye farasi, alilinunua kwa sababu lilimpendeza dukani, na kabla mwezi haujaisha lilikuwa limemchuna Hakimu mabega yote mawili. La pili lilikuwa pana. Tajiri alisema pana ni salama, farasi atalijaza, kana kwamba Hakimu alikuwa bado anakua. Joho likazunguka, likaning'inia tumboni, Hakimu akatumbukiza mguu wa nyuma kwenye mkanda, na asubuhi yalikutwa matambara. Rahisi ghali, alisema mtunza farasi, ila alisema moyoni, kwa sababu alikuwa na familia.

Familia yenyewe ilikuwa mke na binti ambaye hajaanza kutambaa, na ilikaa katika chumba cha mwisho cha banda. Chumba kilikuwa na dirisha moja lisilo na wavu. Nzi waliomchoka Hakimu waliingia kwa mtoto na kumtembelea machoni, na macho yalikuwa yamewiva, yakitoa tongo ambazo mama yake alizifuta kila alipopata nafasi. Wakitundika shuka dirishani, chumba kinageuka tanuri. Kupigilia msumari ni marufuku, maana ukuta ni wa tajiri. Mtunza farasi aliomba wavu hadi maneno yakamkauka, na kila mara tajiri alimjibu kwa upole kwamba suala hilo litaangaliwa. Aliomba hata matambara ya joho la pili. Tajiri akasema hayo yamewekwa stoo, yatafaa kwa viraka, na ufunguo wa stoo anao yeye.

Hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya mtunza farasi. Mengine yaliyompata baadaye hakuyahesabu kuwa shida.

Safari hii aliruhusiwa kuchagua mwenyewe. Dukani alikataa majoho yenye nakshi, akakataa yale ambayo muuzaji aliyasifu sana, akaushika kila wavu kwa vidole gumba na kuuvuta pande mbili kuona kama utajuta. Alichagua jeupe, kwa kuwa jeusi hula jua. Lilikuwa na mshono wa mara mbili, marinda mabegani ili farasi apige hatua bila kubanwa, kipande cha kufunika tumbo, kingine cha shingo, na kifuniko cha mkia. Tajiri aliyekuja naye alimuuliza atajuaje kama linamkaa. Mtunza farasi akamweleza kwa subira: unaingiza mkono kati ya kitambaa na bega, kiganja kipite, ngumi isipite. Tajiri akairudia kanuni hiyo kwa sauti, kwa sababu alikuwa mtu anayependa kujifunza.

Kulikuwa na jambo moja ambalo halikuandikwa kwenye joho lolote. Hakimu hakuvaa kitu kinachonuka duka wala sabuni. Nguo mpya, au iliyotoka kufuliwa, ilibidi kwanza mtunza farasi ailalie usiku mzima ili ishike harufu yake. Na si kujifunika tu. Alilazimika kuivaa, mikanda yote imefungwa, kipande cha shingo kimefika masikioni na kifuniko cha mkia kiko mahali pake, kwani Hakimu alinusa kila sehemu, na aliyoikuta imerukwa aliichana kwa meno. Yale mawili ya mwanzo aliyalalia pia, na hakikutokea kitu, kwa sababu hayakumkaa yeyote. Hili la tatu lilimkaa.

Alilala vizuri kuliko alivyowahi kulala katika chumba kile. Asubuhi mke wake alikuwa anawasha jiko alipomtazama.

"Mwenzangu, umeota manyoya shingoni."

Alisema ameyasikia yakiwasha tangu alfajiri. Mke akayachana kwa kitana cha mtoto, akayasuka yasiingie kwenye uji, na mtunza farasi akaenda kazini. Hakimu alilinusa joho mbele hadi nyuma, akalikubali.

Lilikuwa joho zuri kweli. Halikuteleza, halikuchuna, na Hakimu alipojigaragaza vumbini liliamka naye likiwa mahali pake. Lakini nguo hufuliwa, na kila lilipofuliwa mtunza farasi alililalia tena. Shingo yake ikanenepa. Masikio yakapanda, akawa anaisikia gari ya tajiri kabla haijakata kona, jambo lililomsaidia sana kikazi. Kwato zilipokuja aliacha kununua viatu. Mgongo ulirefuka, akaona nafuu kutembea ameinama. Mikono ilibaki mikono, na hiyo ilikuwa heri, maana vishikizo vya joho havifungiki kwa kwato. Mwisho ukaja mkia, mrefu na mzito, na mke wake akatoboa suruali zote na kuzipinda vizuri.

Mama mkwe alipiga simu kuuliza habari. Aliposikia, aliuliza kama mkwewe bado anafanya kazi. Akaambiwa anafanya. Akauliza kama ameanza kupiga watu. Akaambiwa hapana. Basi tushukuru, alisema, kuna wanawake wamevumilia makubwa kuliko mkia.

Aliyebadilika hasa alikuwa tajiri. Zamani alimpita mtunza farasi kama anavyopita nguzo. Sasa alisimama, akampapasa shingo, akamfunua mdomo na kuyatazama meno, akauliza kama amepata chumvi. Alimletea majani makavu ya kulalia. Akamwita daktari wa mifugo, naye akakuta mgongo umeumia kwa kubeba magunia, akaagiza asibebeshwe tena. Mtunza farasi alikuwa ameulalamikia mgongo huo tangu alipoajiriwa. Alimshukuru daktari kwa dhati, na daktari akampa karoti.

"Sasa anakusikia," mke alimwambia. "Muombe wavu leo, kesho hatuijui."

Alimngoja tajiri mlangoni mwa banda.

"Tajiri, naomba lile la dirisha. Mtoto macho yanaharibika."

Tajiri alimfukuzia nzi begani kwa kofia yake. "Wanakusumbua, naona. Nitakununulia joho lako."

"Mimi sijambo, tajiri. Ni mtoto."

"Wewe uko chini ya uangalizi wangu," tajiri alisema, bila ubaya wowote. "Mtoto ana baba yake."

Mtunza farasi aliyapeleka maneno hayo nyumbani kama yalivyo. Mke wake akaichukua futi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, alisema, lakini hii ya tajiri inaweza kusitiri dirisha. Akampima mumewe kutoka kifuani hadi mkiani, na juu ya kipimo akaongeza mkono mzima. Kitakachozidi kitakatwa, kitatundikwa dirishani kwa uzi bila msumari hata mmoja, na tajiri hatajua. Uongo ule ulimnyima mtunza farasi raha, kwa sababu hakuwahi kutoa kipimo kibovu maishani mwake. Lakini alimtazama mtoto akijisugua macho, akampelekea tajiri kipimo.

Joho likaja, jeupe na imara, refu kama walivyotaka. Mke alikwisha kutia uzi kwenye sindano na mkasi uko mapajani. Ndipo tajiri akatokea kuona limemkaaje. Aliingiza mkono kati ya kitambaa na bega, kwanza kiganja, halafu ngumi. Ngumi ikapita.

"Linaelea," alisema. "Si ulinifundisha mwenyewe?"

Akalivua, akalipeleka dukani, na kabla ya saa ya kula akarudi na lingine. Mtunza farasi alilikagua kwa vidole akitafuta kasoro, lakini lilikuwa limekaa barabara, bila hata uzi wa ziada. Tajiri alifurahi, akasema kumbe si kazi ngumu. Mke alisubiri aondoke, akaurudisha mkasi kikapuni, akalia waziwazi, na mumewe hakumwambia anyamaze.

Alasiri ile joto lilikuwa kali na nzi walikuwa wengi. Mtunza farasi alitoka nje, akazunguka banda, akasimama akiligeuzia mgongo dirisha la chumba chake. Akamwomba mkewe afungue kifuniko cha mkia. Kisha akaupitisha mkia dirishani na kuanza kuupunga taratibu juu ya mtoto. Nzi wakaondoka. Mtoto alishika singa chache kiganjani na kulala bila kujisugua, na baba yake alifurahi kuliko siku mtoto huyo alipozaliwa.

Ikawa ndiyo desturi kila alipomaliza kazi. Alipokuwa kazini, nzi walirudi. Jioni moja tajiri alipita katika kukagua kwake, akasimama. Aliutazama mkia, akalitazama dirisha, akachungulia ndani alikolala mtoto. Aligusa mbao za fremu, zilizokuwa zimenasa singa.

"Dirisha hili halifai hata kidogo," alisema.

Mke wa mtunza farasi alisema ni kweli, tajiri.

"Nimechelewa kuliona, mnisamehe. Kesho nitamleta fundi."

Usiku huo walizungumza kwa furaha kama waliotoka kuoana.

Fundi seremala alikuja asubuhi na futi yake. Aliupima mkia, akalipanua dirisha huku na huku, akalipiga msasa hadi likawa laini, singa zisinase tena. Alipokusanya vifaa mke wa mtunza farasi alimuuliza kuhusu wavu. Fundi alisema hakuagizwa wavu. Na hata angeagizwa, alisema, ukiwekwa wavu hapo, mkia utapita wapi?