Tamthilia Ambayo Kila Mtu Ameitazama

Kwa heshima na taadhima, nawatangazia wazazi, walezi, walimu na vijana wote wapenda maendeleo kwamba mimi, mwandishi wa maneno haya, niliteuliwa likizo hii kuwa Mshauri Mkuu wa Mambo ya Vijana katika maktaba ya mji wetu. Uteuzi ulianza mara moja. Mshahara ulikuwa soda moja na nauli ya kurudi nyumbani. Aliyeniteua ni mjomba wangu, mdogo wake mama, na sikuwa na mpinzani, kwa sababu kijana mwingine pekee aliyekuwa chumbani siku hiyo alikuwa amelala.

Huyo aliyelala tulimwita Chaja. Alikuja kila asubuhi kwa kuwa chumba cha vijana kina soketi nzima. Alichomeka simu, akalaza kichwa juu ya ensaiklopidia, akaamka simu ikijaa. Kwenye taarifa za mjomba aliandikwa "wasomaji".

Chumba chenyewe kiko juu kabisa, ngazi zinapoishia. Kina meza ndefu yenye makovu ya visu, viti visivyofanana, na dirisha linalozuiwa lisijifunge na kamusi iliyopoteza kurasa zake za mwisho. Mjomba alianzia kazi chini, kwenye chumba cha kujalidi vitabu ambako hakuna hata dirisha, na mikono yake haijasahau: ukimpa boksi na kisu, anakata kadibodi kama mtu anayemenya chungwa, bila kuangalia. Aliomba chumba hiki miaka mingi, mwisho akapewa, na sasa kilikuwa kinamponyoka. Mkutubi Mkuu, ambaye vijana tunamwita Mama Kimya kwa heshima ya neno alipendalo, alikwisha sema: likizo ikiisha bila vijana kuonekana, chumba kitakuwa stoo ya magazeti ya zamani, na mjomba atarudi chini kwenye gundi yake.

Si kwamba hakujaribu. Aliandaa somo la kutengeneza maua kwa chupa za maji. Walikuja wawili, na mmoja alikuwa anatafuta choo.

"Mama," aliniambia. Mjomba huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Mimi nimezeeka. Kukata najua, kubandika najua. Lakini vijana wa siku hizi mnapenda nini, sijui. Mnatazama nini? Wewe niambie tu, nami nitakitengeneza."

Akachukua kalamu, akanisubiri.

Hapa sharti nieleze hali yangu. Nilikuwa nimetoka muhula mzima kwenye bweni la wasichana ambako simu ni dhambi, na televisheni hufunguliwa Jumamosi chini ya ulinzi wa matroni, ambaye huizima pindi akiona mtu amefurahi. Nilijua nyimbo za kwaya ya shule na umbea wa jikoni. Zaidi ya hapo, dunia ilikuwa imeniacha kituoni.

"Kabati la Tisa," nikasema.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Mjomba! Hujui Kabati la Tisa? Tamthilia hiyo. Watu hawalali."

"Inahusu nini?"

"Kuna jumba la zamani lenye makabati manane. Kila anayelala humo, akiamka anakuta yamekuwa tisa."

"Ehe! Hilo la tisa lina nini?"

"Si ndiyo nakwambia watu hawalali."

Ulimi ukishapata mteremko hauna breki. Nikampa Pacha wa Kushoto, anayevaa kinyago cha nusu uso. Nikampa Bibi Mkasi, mshonaji anayekata vivuli vya watu badala ya vitambaa. Mjomba akasahau kuandika.

"Huyo aliyekatwa kivuli," akauliza polepole, "anaishije baada ya hapo? Anatembea tu juani hivihivi?"

"Mjomba, usinilazimishe nikumalizie utamu."

Naomba ieleweke kwamba mpaka hapo ulikuwa mzaha wa kawaida, na nilikusudia kumwambia ukweli baada ya chai. Lakini kabla chai haijapoa, mjomba alikuwa ameshakata kinyago cha nusu uso kutoka kwenye boksi la sabuni, akakipaka gundi na karatasi za gazeti, akakitoboa jicho moja jembamba lililokodoa kwa namna iliyonisisimua mwili mimi niliyelizua. Kilikuwa kizuri mno. Hakikanushiki. Jioni hiyo tangazo lilikuwa getini, dukani na kwa kinyozi: NJOO UTENGENEZE KINYAGO CHA KABATI LA TISA.

Kesho yake Chaja alipoamka na kukiona kile kinyago mezani, nilisogea karibu na mlango. Chaja ana simu. Chaja anajua kila kitu. Nikajiandaa kuumbuka.

"Aah, Kabati la Tisa," akasema, akipiga miayo. "Mmechelewa, bwana. Mimi msimu wa pili nishamaliza."

Msimu wa pili! Mimi mtunzi nilikuwa sijamaliza hata wa kwanza.

"Umeuonaje?" nikauliza, sauti ikinipanda.

"Wa kwanza ulikuwa mtamu zaidi. Wa pili wameuharibu pale Bibi Mkasi alipofungwa."

"Alifungwa?"

"Kwani wewe hujafika huko? Basi nisikuharibie."

Na hakuniharibia! Nilimbembeleza, nikampa soda yangu, ambayo ndiyo ilikuwa mshahara wangu, naye akainywa kimya kama mtu aliyekula yamini.

Mchana walikuja wasichana wanne, wakiongozwa na mmoja tuliyemwita Redio, kwa sababu habari ikimfikia saa nne, saa tano inajulikana hadi sokoni.

"Nani kasema Bibi Mkasi alifungwa?" Redio akadakia kabla hajaketi. "Alijifungia mwenyewe! Wewe Chaja umetazama au umesimuliwa?"

"Nimetazama kwa macho yangu haya."

"Basi macho yako yana chaji ndogo."

Vicheko. Kila aliyeingia alikuta ubishi umepamba moto, na kwa kuwa hakuna anayetaka kuwa mshamba peke yake, alivuta kiti na kutupa lake. Mmoja alimpa Pacha wa Kushoto mchumba. Mwingine alimnyang'anya. Mtoto wa fundi viatu, mpole asiyeinua sauti, alisema sehemu iliyomuumiza ni ile ambapo mbwa anarudi nyumbani na hakuna anayemtambua. Chumba kizima kikanyamaza kwa huzuni ya huyo mbwa. Wasichana wawili walifuta macho. Mbwa alitoka wapi, Mungu ndiye ajuaye.

Wakati midomo inabishana, mikono ilikuwa kazini, na hapo ndipo mjomba alipokuwa mfalme. Aliwafundisha kupika gundi ya unga wa ngano isiyo na madonge. Aliwaketisha mmoja mmoja mbele ya tochi, akachora kivuli cha uso kwenye karatasi nyeusi, mwenyewe akakikata kwa mkasi na kukibandika ukutani, hadi ukuta mzima ukajaa pua na vidomo tunavyovijua. Walitengeneza makabati ya maboksi ya viberiti, vidroo tisa kila kabati, na kila mmoja akaficha kitu kwenye droo ya tisa asimwonyeshe mtu. Nilijaribu kuchungulia la Redio nikapigwa kofi la mkononi. Viti vikaisha. Watu wakakaa sakafuni. Hata Chaja aliacha kulala.

Nami, mwasisi wa shughuli, nikashikwa na ugonjwa nisioutegemea: hamu ya kujua. Usiku nilijiuliza Bibi Mkasi alifungwa au alijifungia. Nilimwonea huruma mbwa. Kisha wazo baya likaniingia. Watu wote hawa, wanaojua mambo kwa undani namna hii, wanaweza kweli kudanganya kwa pamoja? Labda tamthilia ipo. Labda niliwahi kuisikia mahali, nikadhani nimeitunga.

Basi asubuhi niliteremka hadi meza ya mapokezi, nikamwendea karani.

"Samahani, kaka. Mna kitabu cha Kabati la Tisa? Kuna rafiki yangu anauliza."

Karani ni mtu wa taratibu. Alitazama, akatazama tena. "Rafuni hakipo. Huenda kimeazimwa. Mwambie rafiki yako tutakitafuta."

Redio alikuwa anapita kwenda ngazini. "Kumbe kuna na kitabu!" akasema, na mjue saa hiyo ilikuwa nne.

Siku mbili baadaye mlango wa chumba chetu ulifunguliwa bila hodi. Mama Kimya ni mfupi, na viatu vyake havitoi sauti, kwa hiyo humwoni akija, unamkuta ameshafika.

"Shikamoo," tukamwamkia sote kwa sauti ya kanisani.

"Marahaba. Nani hapa ataniambia kilipo kitabu cha Kabati la Tisa?" Akatutazama. "Meza yangu haina amani. Watoto ambao sijapata kuwaona wanapanga foleni kukitaka. Nimepekua kila mahali. Nimepiga simu kila maktaba ninayoijua. Hakipo. Nimeanza kudhani kuna mtu ananichezea." Akamgeukia mjomba. "Ni wewe?"

"Bosi, hakuna mchezo," mjomba akajibu. "Kama kitabu hakipo, tamthilia ipo. Mpwa wangu huyu hapa ameitazama mwanzo hadi mwisho."

"Na isipokuwepo?"

Mjomba akachomoa ufunguo wa chumba mfukoni, akauweka mezani katikati ya vipande vya kadibodi. "Isipokuwepo, funga chumba leo hii. Magazeti yaingie, na mimi nashuka chini mwenyewe, hutanisukuma." Alisema akicheka, akiwa na uhakika kama mtu anayeweka dau kwamba kesho jua litachomoza.

"Waliokwisha kuitazama wanyooshe mikono," Mama Kimya akasema.

Mikono yote ikaenda juu.

"Inaishaje?"

"Harusi," akasema Chaja.

"Moto," akasema Redio.

"Wanahama," akasema mtoto wa fundi viatu.

Walisema kwa pamoja, kisha wakatazamana kama watu waliokutana kwenye maficho mamoja.

Mama Kimya akanigeukia. Nami nilikuwa na mwisho wangu tayari, mzuri kuliko yote mitatu, na kinywa kilikuwa kimeshafunguka. Mjomba akanitikisia kichwa kunipa moyo. "Mwambie, mama."

"Mwisho sikuulizi," Mama Kimya akasema. "Nakuuliza uliitazamia wapi. Ninyi wa bweni si mnanyang'anywa simu getini?"

Likizo nzima hakuna aliyewaza kuniuliza hilo. Nilimtazama mjomba. Ningeweza kusema nyumbani kwa rafiki. Ningeweza kusema imepigwa marufuku. Lakini ule ufunguo ulikuwa pale mezani kwa sababu yangu, na kila uongo ambao ningeongeza ungekuwa unamweka yeye dau tena.

"Sikuitazama," nikasema. "Haipo. Niliitunga hapahapa kwenye kiti hiki. Mjomba hajui lolote, alinisadiki tu. Ukitaka kumshusha mtu chini, nishushe mimi."

Tabasamu la mjomba lilibaki usoni kwa muda, kama mgeni ambaye hajaambiwa kwamba sherehe imeahirishwa.

"Na msimu wa pili?" Chaja akauliza kwa unyonge.

"Huo uliutunga wewe."

"Mimi nilidhani ni mimi tu sijaiona," akasema, na Redio akaangua kicheko, akazibwa mdomo na wenzake, ambao nao walikuwa wanatikisika mabega.

Mama Kimya hakucheka. Aliuchukua ufunguo. Akatembea ukutani, akavitazama vivuli kimoja kimoja. Akafika kwenye makabati ya viberiti, akanyoosha kidole kwenye droo ya tisa ya mojawapo.

"Samahani, mama," mtoto wa fundi viatu akasema. "Hiyo haifunguliwi."

Akaurudisha mkono wake.

"Tangu niajiriwe hapa," akasema, "vijana wananijia kuniuliza choo na nywila ya intaneti. Juzi na jana wameniuliza kitabu." Akaurudisha ufunguo mezani, mbele ya mjomba. "Magazeti yatakaa yalipo. Wewe binti, kesho utakaa kwenye meza ya mapokezi. Kila atakayekuja kukiomba hicho kitabu, utamwambia wewe, kwa mdomo wako, kwamba hakipo. Na asiondoke mikono mitupu, umtafutie kingine. Na hizo kelele, jamani."

Akatoka bila sauti, kama alivyoingia.

Mjomba akauokota ufunguo, akaufuta gundi kwa shati. Sikuwa nimepata kumwona akikosa la kufanya na mikono yake, lakini dakika hiyo aliugeuza tu, huku na huku.

"Mama," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo ili wenzangu wasisikie, "si ungeniambia tu kwamba hujui?"

Nilikuwa na mizaha mitatu ya kujibu hilo. Nikaiacha yote.

"Tangu nishuke kwenye basi na sanduku langu," nikasema, "kila mtu nyumbani ananiuliza nimekuwa wa ngapi darasani. Baba, mama, majirani, hata muuza duka. Wewe uliniuliza tunapenda nini, ukashika na kalamu. Nikaona aibu kukujibu kwamba sijui. Nimetoka kule sijui wimbo, sijui tamthilia, sijui watu wanacheka nini. Na kuna jingine, Mjomba. Aliyekuwa wa kwanza kwenda kuulizia kitabu pale chini ni mimi. Chaja aliposema kuna msimu wa pili, nilimwamini."