Pensheni Niliyoiapia

Haya ninayoandika ni kweli tupu, mwanzo hadi mwisho, na sijatia chumvi hata punje. Naapa kwa kofia yangu hii ya pama. Utaniuliza, Mzee Octavian, mbona unaapia kofia, huna kitu cha maana zaidi? Nilikuwa nacho. Soma utajua kilikokwenda.

Mimi ni dereva mstaafu wa greda. Miaka ishirini na tisa nimechonga barabara za vumbi ndani ya hifadhi hapa Mikumi. Shule niliishia darasa la nne. Mengine nimejisomea mwenyewe, hasa kwenye magazeti yaliyofungiwa maandazi, ndiyo maana habari nyingi nazijua nusu. Nusu iliyobaki huwa naijazia.

Mwanangu Rebeka anauza vitunguu Dumila. Binti yake, Yunis, alimaliza kidato cha sita akafaulu, akachaguliwa chuo kikuu kusoma shahada ya biolojia. Mkopo wa serikali alipata, ila haukufunika kila kitu. Kila mwaka lingebaki pengo la laki sita. Alikuwa pia na nafasi ya diploma ya maabara Morogoro, ambayo mkopo wake alinyimwa kabisa. Ili asome hiyo, Rebeka angeuza nusu ekari yake ya Malolo, na ndiyo ardhi pekee aliyonayo. Mwisho wa kuthibitisha nafasi ya chuo kikuu ulikuwa Ijumaa. Jumatano Yunis na mama yake wakaja kwangu, mtoto kashika daftari na kikokotoo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mama. Mbona umekuja na silaha?"

"Nataka hesabu, babu. Mtu akimaliza biolojia analipwa kiasi gani, na deni analimaliza lini? Wewe umefanya kazi na watu hao."

Hapo nilitakiwa kusema sijui. Neno hilo huwa linanikwama kooni. Basi nikampa habari ya Elikana.

Elikana alikuwa kijana wa chuo aliyekuja hifadhini kwa mafunzo ya miezi miwili. Siku moja, nikamwambia Yunis, tembo jike aliumwa tumbo akalala katikati ya barabara kuu. Malori yakapanga foleni mpaka Doma. Wakubwa wakaja, wakapiga honi, wakapiga simu, tembo katulia tu. Elikana akashuka kwenye greda langu, akainama kwenye kinyesi cha yule tembo, akanusa mara moja, akataja jina la mnyoo kwa Kilatini. Akachemsha majani fulani kwenye pipa, tembo akanywa, akacheua, akasimama. Kabla hajaondoka akainua mkonga akapiga saluti.

"Akampigia nani?" Rebeka akauliza.

"Elikana. Mimi alinipungia tu. Sasa kulikuwa na bwana mmoja mkubwa kwenye foleni ile, akamwajiri palepale. Milioni nne kwa mwezi! Deni lote la chuo akalimaliza ndani ya mwaka mmoja, na chenji akanunulia gari."

Yunis hakucheka. Aliandika kwenye daftari: *Elikana, milioni nne, mwaka mmoja.* Kuona kalamu ile inatembea nikatamani kupunguza kidogo, lakini hadithi ilikuwa imeshatoka.

Sasa nikwambie habari ya Mudathir. Ni fundi baiskeli, kijiwe chake kiko ukutani kwangu, na masikio yake yako ndani ya nyumba yangu. Yeye kwao ni bondeni, mimi kwetu ni milimani Kilosa, na sisi ni watani tangu kwa babu zetu. Anaweza kunitukana msibani nikacheka. Ila utani wetu una sheria moja inayouma: mtani akikudaka umeapia kitu kwa uongo, kitu hicho kinakuwa chake, akigawe anavyotaka.

"Mtani," akaita kutoka nje, spana mkononi, "huyo tembo hakukuachia namba ya simu?"

"Nyamaza wewe, mla kambale! Hapa tunazungumza elimu."

"Basi apia."

"Naapa kwa pensheni yangu!"

Spana ikawekwa chini. Mudathir akachungulia mlangoni, meno yote nje. "Mama Yunis, umesikia? Kasema pensheni."

"Nimesikia," Rebeka akasema.

"Vizuri. Maana Elikana yuko Kilosa mjini. Ndiye anayemfundisha mwanangu biolojia."

Jamani. Mimi nilijua kijana yule alishakwenda zake mbali, na miaka yote hiyo nilikuwa namtumia kwenye hadithi zangu kama mtu aliye ng'ambo. Nikajaribu goti. Nikasema goti langu la kushoto haliwezi safari. Yunis akanikumbusha kwamba juzi goti bovu lilikuwa la kulia.

Kesho yake, Alhamisi, saa nne asubuhi tulikuwa Kilosa, sisi wanne. Mudathir alifunga kijiwe kwa ajili yangu, jambo ambalo hakulifanya hata alipoumwa malaria.

Elikana tulimkuta kwenye chumba chake cha kupanga, anasahihisha mitihani juu ya ndoo iliyofunikwa ubao. Gari hapakuwa na hata tairi lake. Aliruka kwa furaha.

"Mzee Octavian! Shikamoo! Bado unapanda miti?"

"Marahaba mwanangu," nikasema haraka. "Mambo ya miti tuyaache."

"Miti gani?" Mudathir akauliza, anajitafutia mahali pa kukaa.

"Hajawaambia? Tembo alitufukuza siku moja. Mzee akaacha greda linaunguruma, akapanda mti kabla yangu, halafu akanikanyaga vidole nilipotaka kumfuata."

Rebeka aliangalia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Yunis yeye alifungua daftari, akakata mstari wa jana kwa rula, taratibu, akauliza kama anayehoji shahidi.

"Mwalimu, ulimaliza na deni kiasi gani?"

"Milioni kumi na moja na laki nne. Ya masomo ya miaka mitatu."

"Kama nitakavyokuwa mimi. Kazi ulipata lini?"

"Miaka miwili nilikaa mtaani, nikauza dawa za kuku. Kisha nikapata hapa, shule binafsi, kwa mkataba. Laki nne kwa mwezi, nimetimiza miaka minne sasa. Watu wa mkopo wanakata asilimia kumi na tano. Elfu sitini inaondoka kabla sijaiona."

Kikokotoo kikalia. "Miezi arobaini na minane. Umelipa milioni mbili na laki nane na elfu themanini. Umebakiza milioni nane na laki tano na elfu ishirini." Akaendelea kubonyeza. "Miaka kumi na moja na miezi kumi."

"Najua," Elikana akasema. "Nimeiandika nyuma ya mlango."

Kweli ilikuwa imeandikwa, kwa chaki.

"Na ungepata kazi ya serikali?"

"Wenzangu waliopata walianzia kama laki saba na elfu sitini."

"Makato laki moja na elfu kumi na nne. Miezi mia moja kamili," Yunis akasema. "Miaka minane na miezi minne." Akanitazama. "Babu alisema mwaka mmoja."

Nimewahi kutazamwa na simba kwa karibu, na hiyo nayo ni kweli. Simba ana huruma.

Rebeka akavuta pumzi. "Basi tuuze shamba, usome maabara. Deni la miaka kumi na tano sitaki kulisikia."

"Mama, ngoja. Mwalimu, ungerudi nyuma ungesoma kitu kingine?"

Elikana alifikiri huku anazungusha kalamu nyekundu. "Biolojia ningesoma. Hilo deni la serikali mimi haliniumizi sana; nisipokuwa na mshahara, hawana cha kukata kwenye mshahara. Lililonitafuna ni pengo la ada. Laki sita, mwaka wa kwanza. Nilikopa kwa mtu mtaani, kwa riba. Mpaka namalizana naye nimelipa milioni moja na laki nne, na baba kauza ng'ombe wawili. Kama una mtu wa kukuzibia pengo bila riba, nenda. Kama huna, nenda maabara, na usione aibu."

Yunis akachora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja akaandika *shamba la mama*, upande wa pili *miezi mia, au mia moja na tisini*. Chini yake akaandika *laki sita*, akaizungushia duara. Kisha akafunga daftari.

"Nikipata laki sita isiyo ya kukopa, nathibitisha kesho. Nikikosa, nachukua diploma."

Mudathir akakohoa.

"Mtani, pensheni yako ni kiasi gani kwa mwezi?"

"Ni ndogo sana."

"Laki mbili," Rebeka akasema.

"Laki mbili mara tatu," Mudathir akasema. "Ulichoapia ni changu, na mimi nampa huyu binti. Miezi mitatu kila mwaka, mpaka amalize."

"Miezi tisa yote? Kwa tembo mmoja?"

"Na vidole vyangu," Elikana akasema.

Ijumaa Yunis alithibitisha kwa simu, akiwa amekaa barazani kwangu, na shamba la Malolo likabaki na mihogo yake. Mimi nikabaki na matumaini kwamba Mudathir atasahau.

Mwisho wa mwezi akanisindikiza hadi kwa wakala wa pesa za simu, kibanda cha Happyness hapo stendi. Yunis alikuwa ameshafika. Nikawaambia kwa masikitiko makubwa kwamba mwezi huu pensheni imechelewa, inasemekana mitambo imepigwa na radi, nimesikia redioni.

Simu yangu ikalia ujumbe juu ya kaunta. Happyness ana macho ya haraka.

"Hongera babu, imeingia. Laki mbili kamili. Na ada ya kutolea nikate humohumo?"

"Hapana," Yunis akasema. "Hiyo anaongeza mwenyewe."

Nikavua kofia, nikatoa noti ya elfu tano niliyokuwa nimeificha kwenye ukingo wake, nikaiweka juu ya kaunta, kisha nikabonyeza namba ya siri huku Mudathir ananihesabia tarakimu.