Mkono Ndani ya Beseni

Madam Hilwa aliniwekea karatasi mezani, jikoni kwake hapa Dubai, na kalamu juu yake. "Sign tu, Mastula. Miaka miwili mingine, inshallah." Hakuniuliza kama nataka. Nimemlelea watoto miaka kumi na mmoja, huyu Maan ni wa tatu, na kila akileta karatasi mimi, mjinga wa Kisauni, natia saini.

Safari hii mkono uligoma, na sababu ni kanisa.

Mwezi uliopita walinichukua likizo Italia. Likizo yao, si yangu. Mchana mmoja madam aliingia madukani, nami nikabaki barabarani na Maan mgongoni, jua kali, magoti yananiuma. Mbele yangu palikuwa na kanisa la kale, mlango wazi, ndani kivuli. Nikasema Mungu atanisamehe, nataka kukaa tu. Nikavua viatu mlangoni. Mzee mlinzi akaniashiria nivivae, hapa si msikitini. Nikajifanya sielewi, maana ile sakafu ya baridi ilikuwa dawa ya miguu yangu.

Ndani kimya, hapana mtu. Kuta zimejaa picha zilizochorwa miaka mia tano iliyopita. Moja ilikuwa ya chumba cha mzazi: mama kalala kitandani, wageni wa kike na hariri zao wamekuja kumpongeza. Chini, pembeni, yaya. Kakunja mikono ya nguo, kampakata mtoto, na mkono mmoja kautia kwenye beseni kupima kama maji yatamchoma. Wote pale hawana habari naye. Mimi nilimtazama mpaka machozi yakanitoka. Uso ule naujua. Umechoka, na bado anapima maji vizuri. Miaka mia tano, dada, na hujamaliza?

Basi nikairudisha karatasi. "Madam, khalas. Nataka kwenda nyumbani."

Alicheka, kisha akaona mimi sicheki. "Na Maan?"

"Nampenda sana. Lakini nimechoka."

"Umechoka na nini? Wewe bado kijana."

 Akanitazama nywele zilizojaa mvi, akanitazama vidole vilivyovimba. Ndipo akaniuliza, kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile, nina miaka mingapi.