Mwalimu Aandike Kwanza

Wiki nzima sikulala vizuri, na sababu ni kibinti kimoja chenye begi la mgongoni. Ndiye mkufunzi tuliyeletewa atuonyeshe sisi walimu namna ya kufundisha uandishi. Umri wake ni wa mwanangu wa kwanza. Kwenye semina alituambia, kwa upole wa kuudhi, "Mwalimu aandike kwanza. Asimame ubaoni, atunge insha yake mbele ya watoto, akosee, afute, wamwone anavyohangaika." Kisha akapanga zamu, na ya kwanza akanipa mimi, eti kwa kuwa ni mkongwe.

Ukongwe wenyewe ndio huu. Miaka kumi na tisa nafundisha insha, na ya kwangu sijawahi kuandika. Nina karatasi sita nilizonakili kitabuni nilipoanza kazi. Kila mwaka naziandika ubaoni, watoto wananakili, wanakariri, wanafaulu. Watu wananisifu, nami naitikia. Lakini siku za mwizi ni arobaini. Mwalimu mkuu alishasema atakuja kukaa nyuma, na akiona siwezi, darasa la mtihani analitoa kwangu. Hilo darasa ndilo jina langu pale shuleni. Nikinyang'anywa, mimi ni mama wa kugawa chaki tu.

Basi nikafanya ujanja. Nikachukua insha ya safari, nikaikariri hadi vituo, nikapanga na pa kukosea na pa kufuta. Mume wangu, fundi seremala asiye na haya, alinikuta jikoni nafuta ukuta kwa kitambaa huku naongea peke yangu. "Mke wangu," akasema, "siku hizi unaigiza?" Nikamwambia anyamaze ale. Nikaendelea kufuta, naye akaacha mzaha.

Siku ikafika. Watoto arobaini na wawili, mkuu kwenye dawati la nyuma na daftari lake, mkufunzi karibu na dirisha. Nikaandika kichwa, Safari Yetu, kwa ule mwandiko wangu mzuri.

"Samahani, mama," mkufunzi akasema. "Leo tuwaachie watoto wakuchagulie mada."

Nilimtazama yule mtoto wa watu nikatamani ardhi ipasuke, immeze yeye au mimi, yeyote. Mikono ikainuka, na msichana wa dawati la mbele, asiyejua kufunga mdomo, akasema, "Kitu unachokiogopa, mwalimu."

Nikafuta safari. Nilitafuta kichwani nyoka, moto, radi, na kila sentensi iliyokuja ilikuwa ya kitabu, tena sikukumbuka inaishiaje. Chaki ikanikatikia mkononi. Kule nyuma mkuu akakohoa, kile kikohozi chake cha kumaliza vikao. Niliogopa, jamani, sikufichi, na mkono ukaandika kitu pekee kilichokuwepo: Naogopa ubao huu. Miaka kumi na tisa nawafundisha insha, na mimi mwenyewe sijawahi kuandika hata moja.

Nilipoyasoma nikanyakua kifutio.

"Usifute," mkufunzi akasema. Sauti yake nayo haikuwa imara, na alikuwa anamwangalia mkuu. Kumbe na yeye alikuwa na wa kumwogopa mle ndani.

Mkuu akafunga daftari, akainuka, akatoka bila kunitazama. Nikajua pale pale kwamba darasa limenitoka. Hakuna mtoto aliyecheka. Kalamu zote zilikuwa chini na macho yote yalikuwa kwenye sentensi zangu mbili za ovyo. Kwa insha zote zile tamu nilizowahi kuwapa, sikuwahi kuwaona wakisoma hivyo.

"Halafu ikawaje, mwalimu?" akauliza yule wa mbele.

Sikujua ikawaje. Nikageukia ubao, nikaandika sentensi ya tatu.